Swali la mtumbwi: kwa nini umepata mita 3.3 na mwalimu kapata 2

Mdogo wangu wa S.5 (kidato cha tano hapa Uganda), swali lako nimelisoma mara mbili. Mvuvi wa kilo 60 amesimama kwenye ncha moja ya mtumbwi wa kilo 90, urefu wake mita 5, maji yametulia. Anatembea mpaka ncha ya pili. Tukipuuza ukinzani wa maji, mtumbwi umesogea kiasi gani? Wewe umeandika 60 × 5 = 90x, ukapata mita 3.3. Mwalimu anasema 2, nawe unauliza kama amekosea.

Hajakosea. Na kosa lako halimo kwenye kuzidisha wala kugawanya. Nalifahamu vizuri kwa sababu nililibeba muhula mzima nilipokuwa nasoma PCM, yaani fizikia, kemia na hisabati. Nilikuwa na daftari limejaa fomula. Nikiona namba tatu kwenye swali, natafuta fomula ya herufi tatu.

Kilichonifumbua macho ni mwalo wa Majanji, huko kwetu wilaya ya Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya. Likizo ile nilikuwa kwa mjomba, mvuvi. Asubuhi moja alisimama ufukweni, akaniambia nimletee beseni la mukene (dagaa) lililokuwa nyuma ya mtumbwi. Kamba ilikwisha kufunguliwa. Nikalinyanyua, nikaanza kutembea kuja mbele, na mtumbwi ukawa unarudi nyuma chini ya miguu yangu. Nilipofika mbele kabisa, mjomba alinyoosha mikono asilifikie beseni. Nilikuwa nimetembea mtumbwi mzima, lakini mjomba, aliyekuwa amesimama pale pale, aliniona nimesogea kidogo tu.

Sasa rudi kwenye mlinganyo wako. Ile mita 5 umeipima juu ya mbao za mtumbwi. Ile x umeipima kutoka ufukweni. Vipimo vya watu wawili waliosimama mahali tofauti huwezi kuvitia kwenye mstari mmoja. Simama ufukweni na mjomba, upime vyote ukiwa hapo: mtumbwi ukirudi x, mvuvi amesonga 5 − x. Kwa hiyo 60(5 − x) = 90x, yaani 300 = 150x, na x ni mita 2. Mvuvi amesonga mita 3. Hakikisha: 60 × 3 ni 180, na 90 × 2 ni 180.

Kwa nini pande hizo mbili lazima zilingane? Mimi mtu wa mpakani hufikiria hivi: kabla ya fomula yoyote, chora mpaka. Weka mvuvi na mtumbwi ndani yake, kisha uliza ni kani gani inavuka kutoka nje. Uzito unavuta chini, maji yanasukuma juu, zinafutana. Kwa mlalo hakuna kitu. Miguu inasukuma mbao nyuma, mbao zinasukuma miguu mbele, lakini hiyo ni biashara ya ndani. Mali inabadilisha mikono, jumla haiguswi. Newton aliliandika hili mwaka 1687: vitu vikisukumana vyenyewe kwa vyenyewe, kitovu chao cha pamoja hakibadilishi mwendo wake. Kitovu hicho cha tungamo, yaani cha kilo zote kwa pamoja, kilikuwa kimetulia, basi kitabaki palepale hata mvuvi akimbie; ndiyo maana kilo mara umbali wa mvuvi kwenda mbele lazima zilingane na kilo mara umbali wa mtumbwi kurudi nyuma. Ila kama mtumbwi umefungwa kamba, kamba ni mgeni aliyevuka mpaka, na hesabu hii haifai tena.

Umeuliza pia mbona hawajasema kitovu cha mtumbwi wenyewe kiko wapi. Hukihitaji! Popote kilipo, kinahama pamoja na mtumbwi, umbali ule ule. Tunachotafuta ni kilichohama, si kilipokaa.

Mtego huo huo utaukuta kwenye momenta (kilo mara kasi), na hapo ndipo nilipopoteza alama nyingi. Mvuvi yuleyule anaruka kutoka kwenye mtumbwi uliotulia kwa mita 3 kwa sekunde. Kama kasi hiyo imepimwa kutoka ufukweni, 60 × 3 = 90V, mtumbwi unarudi kwa 2. Kama imepimwa kutoka kwenye mtumbwi, ile 3 ni kasi yake na kasi ya mtumbwi zikijumlishwa: v + V = 3 na 60v = 90V, hivyo mtumbwi unarudi kwa 1.2 na yeye anakwenda kwa 1.8. Maneno mawili matatu ya swali yamebadilisha jibu lote, kwa hiyo yapigie mstari kabla hujashika kikokotoo.

Ya migongano ni mafupi: vitu vikigongana vikanasana, momenta inabaki kamili lakini nishati ya mwendo inapungua, sehemu yake ikawa joto na kupindika kwa chuma. Usianze na nishati hapo.

Jaribu hili usiku huu, bila kufungua daftari. Mtumbwi wa kilo 80, mita 5, maji yametulia. Mtu wa kilo 70 yuko ncha moja, wa kilo 50 yuko ncha nyingine, nao wanabadilishana nafasi. Ukipata kwamba mtumbwi umesogea nusu mita, kuelekea upande alikokuwa yule mzito mwanzoni, niandikie hapa tuingie kwenye roketi.