Maswali ya wasomaji: "Bei gani?" halafu kimya

Barua za safari hii zimefupishwa. Bei na hesabu tulizoweka kwenye majibu ni za mfano, weka zako.

Nashona magauni ya vitenge. Nikiweka picha Instagram au kwenye stetasi ya WhatsApp, watu kumi wanaandika "bei gani?" Nikiwajibu, kimya. Je, bei yangu iko juu mno? – Fundi nguo, Mwanza

Dada, huenda iko juu, lakini kabla ya kuigusa tazama unavyojibu na unachukua muda gani. Anayeuliza bei jioni akiwa kwenye daladala hajakuuliza wewe peke yako. Amewaandikia mafundi watatu au wanne kwa mkupuo, na atakayejibu kwanza akaeleweka ndiye atakayeendelea kuzungumza naye. Ndiyo maana hatuupendi mtindo wa "bei njoo inbox". Wauzaji wengi wanaamini unaleta mazungumzo. Unaleta, ila mwenye haraka ya kununua anapita zake, na wanaobaki ni wenye nafasi ya kupiga soga.

Andika bei palepale chini ya picha, pamoja na kilichomo: "Gauni hili: ufundi 35,000, zipu na bitana ni juu yangu. Kitenge unakuja nacho, yadi 4. Siku 5." Neno "kuanzia" litumie kwa uangalifu. Ukiandika "kuanzia 20,000" wakati hakuna gauni lililowahi kutoka kwako chini ya 35,000, mteja akitajiwa bei halisi atajiona ametegwa. Afadhali picha tatu zenye bei tatu.

Akishauliza, usimjibu tarakimu tupu. Aliyeandikiwa "35,000" hana la kusema ila "sawa" au "punguza". Malizia kwa swali jepesi: "Shughuli yenyewe ni tarehe ngapi?" Akitaja tarehe, mmeshaanza kupanga kazi.

Kwa kuwa maswali ni yaleyale kila siku, hamia WhatsApp Business, ambayo ni ya bure. Ndani ya zana zake za biashara kuna vitu vinne vya kukusaidia:

Majibu ya haraka: unaandika jibu mara moja na kulipa jina fupi. Baadaye ukiandika /gauni, jibu zima linatokea, nawe unabadilisha neno moja mawili kabla ya kutuma.

Katalogi: inabeba hadi bidhaa 500, na kila moja picha 10. Wewe huhitaji 500. Mitindo 12 unayoishona vizuri inatosha. Katalogi yenye mitindo usiyoiweza italeta oda utakazoziharibu.

Ujumbe wa salamu: unakwenda wenyewe kwa anayekuandikia mara ya kwanza, au aliyekaa kimya siku 14. Wengi huandika "Karibu, tutakujibu hivi punde", maneno yasiyomsaidia mtu. Weka bei za mitindo mitatu, mahali ulipo, na saa za kazi.

Lebo: bandika kila mazungumzo lebo kama "Ameuliza bei", "Amelipa nusu", "Tayari kuchukuliwa". Kila Jumatano fungua lebo ya kwanza, uwaandikie walionyamaza. Mara moja tu, na uje na kitu kipya: "Nina nafasi mbili za kushona kabla ya Jumamosi." Ile "vipi dada, mbona kimya" inamtia mtu aibu naye anazidi kunyamaza.

Ukifanya haya kwa mwezi mzima, watu wakajibiwa ndani ya dakika chache, na bado wananyamaza wakishasoma bei, hapo sasa tuizungumze bei.

Nina namba 340 za wateja wa vipodozi. Natuma tangazo kwa wote kwa njia ya brodkasti, lakini wanaolipata hawafiki hata mia. Simu ina tatizo? – Muuza duka, Tanga

Simu ni nzima. Brodkasti ya WhatsApp humfikia tu mtu aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Wewe kuwa na namba yake hakutoshi. Tena orodha moja haibebi zaidi ya watu 256, kwa hiyo 340 ni lazima uwagawe. Bonyeza kwa muda ujumbe uliotuma, ufungue maelezo yake, utaona umewafikia akina nani. Yule ambaye kila mara ana tiki moja, huenda hajahifadhi namba yako au amekufungia.

Kazi yako basi ni kuhifadhiwa. Wakati mzuri ni ule mteja anapolipa, simu ikiwa bado mkononi mwake. Bandika msimbo wa QR wa WhatsApp yako pembeni ya kibao cha Lipa Namba. Akiuskani na kukutumia ujumbe, mwambie: "Ihifadhi namba, nikileta mzigo mpya utaona kwanza." Kiungo kifupi nacho kinafaa kwenye Instagram: wa.me/ kikifuatiwa na 255 na tarakimu tisa za namba yako. Ondoa ile sifuri ya mwanzo na alama ya kujumlisha. Viungo vingi tunavyoviona havifunguki kwa sababu ya sifuri hiyo.

Kisha wagawe kwa walichonunua: mafuta ya nywele orodha yake, za ngozi orodha yake. Mara moja kwa wiki yatosha. Na namba ulizonunua au kukopi kwenye magrupu zifute. Wasiokujua watakuripoti na WhatsApp inaweza kuifunga namba yako. Isitoshe, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na namba ya simu ya mtu ni taarifa yake binafsi.

Mgahawa wangu uko kwenye ramani ya Google, lakini wateja wanasema inaonyesha nimefunga wakati niko jikoni. – Mama lishe, Morogoro

Mama, kosa hili tunakutana nalo mno, na chanzo chake ni saa yetu ya Kiswahili. Unafungua saa 1 asubuhi, unajaza 1:00. Google inasoma saa 7, ya usiku au ya mchana kutegemea ulichochagua. Jaza kwa saa ya simu: saa 1 asubuhi ni 7:00 AM, saa 12 jioni ni 6:00 PM. Siku za sikukuu kama Idi kuna sehemu ya saa maalumu. Zijaze ili mtu asifunge safari bure.

Ukiwa humo humo, vuta alama ya ramani mpaka mlangoni pako. Mara nyingi hukaa katikati ya kata, na bodaboda wanazunguka. Chagua aina kuu ya biashara iliyo sahihi, maana hiyo ndiyo inayokuingiza kwenye utafutaji wa "mgahawa karibu nami". Piga picha ya mbele ya jengo mchana, ikionyesha jirani anayejulikana, kisha za vyakula vitatu vinavyouzika zaidi na ubao wa bei.

Kama hujathibitisha umiliki, kwa kawaida watakuomba video. Irekodi mfululizo bila kukata, isipungue sekunde 30: anza barabarani, onyesha bango, kisha jionyeshe ukifungua kufuli au uko jikoni, malizia na leseni. Nyuso za wateja zisionekane. Video nyingi hukataliwa kwa sababu zimeanzia ndani, na hakuna kinachoonyesha eneo.

Maoni ya wateja yaombe mtu akishashiba, kwa kumtumia kiungo. Usimlipe wala kumpa soda kwa ajili ya nyota, Google hairuhusu.

Sabuni ya maji imedorora. Nikipunguza asilimia 10 nitauza zaidi? – Mjasiriamali, Iringa

Utauza zaidi na huenda ukapata pungufu. Dumu la lita 5 unauza 8,000, gharama 6,000, faida 2,000. Madumu 30 kwa mwezi ni faida ya 60,000. Ukipunguza asilimia 10 bei ni 7,200, faida inabaki 1,200, na ili urudi kwenye 60,000 ileile unatakiwa uuze madumu 50. Asilimia 10 ya bei imekula asilimia 40 ya faida yako.

Toa kitu chenye thamani kwa mteja lakini rahisi kwako: akirudisha dumu tupu unampunguzia 300, kwa kuwa dumu jipya lingekugharimu zaidi ya hapo, na kwa sababu hiyo anarudi kwako. Ukilazimika kupunguza bei, weka tarehe ya mwisho na uiheshimu.

Natengeneza siagi ya karanga. Supamaketi imeikataa, wanasema haina bakodi. Rafiki amenipa moja aliyoitoa mtandaoni. Niitumie? – Msindikaji, Dodoma

Usiitumie. Bakodi ya kuokota ni namba ya bidhaa ya mtu mwingine. Ikipita kwenye mashine inaweza kutoka dawa ya meno, na meneja atatoa chupa zako zote kwenye rafu. Namba halali hutolewa na GS1 Tanzania, na huanza na 620. Kila ujazo una namba yake: gramu 250 moja, gramu 500 nyingine.

Lakini bakodi ndiyo sehemu nyepesi. Anza na alama ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, ambalo tangu 2019 ndilo linalosimamia pia usalama wa chakula. Kwa mjasiriamali mdogo njia ni kupitia SIDO, shirika la viwanda vidogo, la mkoa wako: unapata barua ya utambulisho, TBS wanakagua eneo la uzalishaji, wanachukua sampuli. Kwenye karanga watatazama sumukuvu, inayotokana na ukungu usioonekana kwa macho kila mara. Karanga zilizosinyaa, zilizopasuka au zenye rangi tofauti zitoe kabla ya kukaanga, na usihifadhi magunia sakafuni. Ukianza kwa kuchapa lebo 2,000 kisha ukaguzi ukakutaka ubadilishe maelezo, umechoma pesa.

Lebo yenyewe iwe na jina la bidhaa, viambato, uzito halisi, jina na anwani yako, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha, na namba ya toleo. Namba ya toleo ndiyo itakayokuokoa siku chupa moja ikilalamikiwa: utarudisha za siku ile tu.

Bakodi ya kawaida ni milimita 37 kwa upana na 26 kwa kimo, na inaweza kupunguzwa hadi asilimia 80, yaani karibu 30 kwa 21. Mistari iwe myeusi juu ya nyeupe. Msanifu akikuletea mistari myekundu ili "iendane na lebo", mrudishie: skana nyingi humulika mwanga mwekundu, kwa hiyo mistari ya rangi hiyo haziioni. Acha nafasi tupu pande zote mbili. Kwenye chupa nyembamba yenye mviringo, igeuze ili mistari ilale kama vidato vya ngazi, la sivyo inajikunja na kutosomeka. Chapa moja, nenda nayo dukani ikaskaniwe, ndipo uchape mia.

Jambo la mwisho kabla ya kusaini: uliza watalipa baada ya siku ngapi. Maduka makubwa mengi huchukua kwa mali kauli. Ukipeleka chupa 200 ukalipwa baada ya siku 45, unahitaji mtaji wa chupa nyingine 200 katikati. Anza na 24.

Nilibusti posti, yaani nililipia ionekane kwa watu wengi, kwa 30,000. Nimepata laiki 600, mteja hakuna hata mmoja. – Muuza viatu, Mbeya

Ulipewa ulichoomba. Unapobusti, unaulizwa lengo. Ukichagua watu watembelee ukurasa wako, unatafutiwa wanaopenda kubofya. Chagua ujumbe, uunganishe na WhatsApp, ili anayebofya aangukie kwenye mazungumzo. Eneo nalo: ukiliacha "Tanzania", pesa ya Mbeya inatazamwa Mtwara. Weka mji wako na kilomita chache kuuzunguka, isipokuwa kama unatuma mizigo mikoani. Gawa 5,000 kwa siku kwa siku 6. Usibadilishe chochote siku mbili za kwanza, maana mfumo unakuwa bado unajifunza.

Kila anayekuja muulize ametokea wapi, uandike daftarini. Ukipata wanunuzi 4 kwa 30,000, kila mmoja amekugharimu 7,500. Kama faida ya jozi moja ni 6,000, simamisha tangazo, hata laiki zikifika elfu.

Herufi za bango la duka ziwe na ukubwa gani? – Bukoba

Kwa kila mita 3 za umbali, sentimita 2.5 za kimo cha herufi. Mtu wa kwenye bodaboda anayetakiwa akuone akiwa mita 30 anahitaji herufi za sentimita 25. Kwa ukubwa huo huwezi kujaza orodha ya huduma 14, na ndivyo inavyotakiwa: andika unachouza kwa herufi kubwa kuliko zote, jina la duka chini yake, namba moja ya simu. "VIPURI VYA PIKIPIKI" kwa rangi nyeusi juu ya njano inasomeka. Nyekundu juu ya bluu haisomeki jioni. Na kabla hujasimamisha nguzo pembezoni mwa barabara, pitia halmashauri uulize kibali na ada ya bango la ukubwa huo.