Mwalimu, Nikikosa Daraja Hisabati Nitaisomea Wapi?

BARUA YA KWANZA

Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 18, nimemaliza mitihani ya A-level hapa Uingereza mwezi huu wa Juni 2025. Masomo yangu ni Hisabati, Fizikia na Jiografia. Chuo nilichokiweka cha kwanza kinataka A mbili na B moja, na A moja iwe ya Hisabati. Cha akiba kinataka B tatu. Karatasi mbili za mwanzo za Hisabati zilikwenda vizuri. Ya tatu, ya takwimu na mekaniki, ndiyo iliyoniangusha. Maswali mawili ya mwisho niliyaacha wazi, na usiku ule nilipolala nikakumbuka kuwa kwenye swali jingine niligawanya pale nilipotakiwa kuzidisha. Mama anasema nisubiri matokeo. Baba anasema nibadili niombe uhasibu, kwa sababu nafasi za dakika za mwisho ni makapi. Mimi nataka Hisabati. Vyuo vyote viwili vikinikataa, nafasi ya Hisabati hupatikana kweli mwezi wa nane? Na nianzie wapi?
Msomaji wa kike, Leicester

Marahaba mwanangu. Nianze na neno la baba yako, maana ndilo linalokunyima usingizi. Makapi ni kile kinachobaki baada ya punje kutolewa. Nafasi zinazotolewa kupitia Clearing, huo utaratibu wa nafasi za mwishoni wa UCAS (ofisi inayopokea maombi ya vyuo vya Uingereza), haziko hivyo. Chuo hutoa ofa nyingi kuliko viti kilivyonavyo, kikikisia ni wangapi watakaofikia masharti na wangapi watakaokwenda kwingine. Kikikisia vibaya, viti vinabaki. Ukumbi ni ule ule, wahadhiri ni wale wale, na shahada utakayopewa haina alama yoyote ya kuonyesha uliingia mwezi gani. Oxford na Cambridge usizitafute huko, lakini vyuo vizuri vya Hisabati huwemo kila mwaka.

Pili, hujafeli. Kwenye bodi nyingi mtihani wako ni karatasi tatu, kila moja ina alama 100. Tuseme mbili za mwanzo umepata 80 kila moja, na ya tatu 40. Hizo ni 200 kati ya 300. Hizo 200 ni daraja gani? Hakuna awezaye kukuambia leo, mimi wala mwalimu wako wa darasani, kwa kuwa mipaka ya madaraja huwekwa upya kila mwaka baada ya kusahihisha na hutangazwa pamoja na matokeo. Kwa hiyo usifute ombi lolote sasa hivi kwa hofu. Chuo chako cha kwanza kinaweza kukuchukua hata ukikosa daraja moja. Nimeona hilo likitokea mara nyingi mno kwa wanafunzi wangu.

Acha nikusimulie yangu. Mwaka 1998 nilitakiwa kupata B ya Hisabati, nikapata C. Vyuo vyangu viwili vikanikataa. Siku hizo nafasi zilizobaki zilichapwa magazetini, kurasa kwa kurasa za herufi ndogo ndogo. Nikalitandaza gazeti kwenye ngazi za nyumba ya shangazi, nikavizungushia vyuo saba kalamu nyekundu, nikavuta simu mpaka waya wake ukanyooka. Cha kwanza kilisema zimejaa. Cha pili kiliniweka kwenye laini mpaka ikakatika. Cha tatu alipokea mhadhiri mwenyewe. Nikaanza kujitetea kuhusu ile C, akanikata. Akasema, "Hebu niambie, kuna namba tasa iliyo kubwa kuliko zote?"

Nikasema hakuna. Akauliza nimejuaje.

Koo lilikauka. Lakini hilo nililijua, tena nililipenda. Nikamwambia: tuseme namba tasa zina mwisho, na hizi hapa ndizo zote. Zizidishe zote kwa pamoja, kisha uongeze moja. Namba hiyo mpya ukiigawanya kwa yoyote kati ya zile ulizonazo, inabaki moja. Lakini ni lazima igawanyike kwa namba tasa fulani, basi hiyo haimo kwenye orodha yako. Na ulisema orodha imekamilika. Akanyamaza. Nikasikia kalamu inakwaruza karatasi upande wa pili. Kisha akaniuliza jina langu linaandikwaje.

Ninayokusimulia ni ya zamani. Siku hizi simu hupokelewa kwanza na wafanyakazi, mara nyingine wanafunzi wa chuo walioajiriwa kwa siku hizo chache, nao huanza na madaraja yako. Lakini jambo lenyewe halijabadilika. Mtu anayeamua anataka kujua kama unaitaka Hisabati au unatafuta tu pa kujistiri. Mpe nafasi ya kulisikia hilo.

Sasa utaratibu. Clearing mwaka huu inafunguliwa tarehe 2 Julai na inaendelea hadi Oktoba, ila kwako wewe mwenye ofa mbili mkononi, siku yako ni Alhamisi tarehe 14 Agosti, siku ya matokeo. Asubuhi hiyo fungua akaunti yako ya UCAS kabla ya kitu kingine. Ikionyesha umekubaliwa, mambo yamekwisha, hata kama karatasi ya matokeo inakuambia vingine. Ikionyesha bado wanafikiria, wapigie chuo chenyewe, si UCAS. Ikiwa vyote viwili vimekukataa, utaona namba yako ya Clearing pale pale. Hiyo, pamoja na namba yako binafsi ya UCAS, ndiyo watakayokuuliza kwenye simu.

Orodha ya nafasi iko kwenye tovuti ya UCAS, ila usingoje siku hiyo ndipo uanze kuisoma. Keti wiki ya mwisho ya Julai, andika vyuo vinane au tisa kwa mkono, na namba zao za simu. Gawanya kwa hesabu zako: hivi nikipata B ya Hisabati, hivi nikipata C. Ndiyo, hata kwa C kuna vinavyosikiliza, na kuna shahada zenye mwaka wa maandalizi. Mwaka huo wa ziada si aibu. Nimefundisha watu walioupitia, na walifika kwenye uchanganuzi, tawi la Hisabati linalothibitisha kanuni za kalkulasi, wakiwa imara kuliko walioruka.

Ukipewa ofa kwa mdomo, shukuru, uliza ni ya mpaka saa ngapi, andika jina la aliyekupa, kisha endelea kupiga simu. Unaweza kukusanya ofa za mdomo tatu au nne. Kinachokufunga ni kile chuo utakachokiingiza mwenyewe kwenye akaunti yako, na huingia kimoja tu kwa wakati. Usikiingize chuo ambacho hakijakuambia ukiingize.

Hapa nataka nikae kidogo, maana ndipo watoto wetu wanapopotea. Mtu akishapata ofa moja, kwa furaha anaikubali bila kuuliza atakachosoma. Majina ya shahada yanadanganya. "Hisabati na Fedha" ya chuo kimoja ni Hisabati hasa, ya chuo kingine ni biashara iliyopakwa namba. Mwaka wa masomo una kredi 120. Uliza: kati ya hizo, ngapi ni za moduli za Hisabati katika mwaka wa kwanza, na ngapi katika wa tatu? Uliza kama mwaka wa kwanza wanafundisha aljebra mstari na uchanganuzi kwa uthibitisho, au ni kukokotoa tu. Kama hukusoma Further Maths, lile somo la pili la Hisabati la A-level, na kwa barua yako hukusoma, uliza kama namba changamano na matriki wanazianza mwanzo. Vyuo vingi huzianza, lakini mwendo hutofautiana, na ni vyema uujue kabla. Uliza pia kama shahada inatambuliwa na Institute of Mathematics and its Applications, chama cha wanahisabati cha hapa Uingereza. Na kama unafikiria ile ya miaka minne, MMath, uliza kama ukianza ya miaka mitatu unaweza kuhamia ukifanya vizuri. Mahali pengi inawezekana.

Muhula wa kwanza utakushtua, heri nikuambie sasa. Shuleni ulizoea kuulizwa "tafuta x". Chuoni utaambiwa uonyeshe kuwa x ipo, na kwamba iko moja tu. Kuna wanaolia wiki ya nne. Julai hii, badala ya kurudia karatasi ya mekaniki kichwani, chukua uthibitisho mmoja kwa siku: kwamba kipeuo cha pili cha mbili hakiwezi kuandikwa kama sehemu, kwamba jumla ya namba witiri za mwanzo daima ni namba mraba. Huo wa pili uchore kwa vidoti: 1, kisha 3 zikiuzunguka pembeni, kisha 5. Utaona mraba unakua mbele ya macho yako. Kisha uandike kwa maneno, bila mchoro, mpaka mdogo wako aukubali. Ukiweza hivyo, siku mtu atakapokuuliza kwenye simu kwa nini Hisabati, hutakuwa na haja ya kutunga jibu.

Mambo mawili ya pesa. Ada ya mkazi wa hapa England kwa 2025/26 imepanda hadi pauni 9,535 kwa mwaka. Kama familia yenu ina kibali cha muda, uliza kila chuo wanakuhesabu mkazi au mgeni, kwa sababu ada ya mgeni huwa kubwa zaidi sana, na usidhani mkopo utafuata tu: chuo huamua ada, Student Finance, ofisi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, huamua mkopo, kila mmoja kwa kanuni zake. Na ukibadilisha chuo, waarifu Student Finance siku hiyo hiyo. Uliza habari za malazi pia, kwani walioingia mwishoni si mara zote huhakikishiwa chumba.

La mwisho kwako. Ukikosa daraja kwa alama mbili tatu, mwombe mwalimu wako siku hiyo hiyo akuombee ukaguzi wa haraka wa usahihishaji, na ukiambie chuo kuwa umeomba. Daraja linaweza kupanda, linaweza pia kushuka, kwa hiyo tazameni kwanza uko umbali gani na mipaka yote miwili. Kiulize pia chuo kitangoja masharti yatimizwe mpaka tarehe gani.

Uhasibu ni kazi ya heshima, na mwenye shahada ya Hisabati anaweza kuuendea baadaye. Kurudi kutoka kule kuja huku ni kugumu zaidi. Mwambie baba kwa upole, tena kabla ya tarehe 14.

BARUA YA PILI

Mwalimu, mimi naogopa kinyume chake. Nina ofa ya Hisabati chuo ambacho sikukipenda sana, nilikiweka kwa kuwa walimu walinikadiria B. Nadhani nitapata A. Naweza kupanda?
Kijana wa Luton

Unaweza. Kwenye akaunti yako kutakuwa na kitufe cha kukataa nafasi uliyonayo, nawe utaingia Clearing kama wengine. Lakini ukishakibonyeza umeiachia nafasi ile, na hakuna anayelazimika kukurudishia. Kwa hiyo piga simu kwanza. Pata ofa ya mdomo ya chuo unachokitaka, ihakikishe, ulizia chumba na mkopo, ulale nayo hata usiku mmoja ikiwa muda wao unaruhusu. Kitufe baadaye. Na jiulize hukukipenda kwa nini kile cha kwanza. Ikiwa ni jina tu, linganisha moduli za mwaka wa pili na wa tatu za vyuo vyote viwili kwanza. Kama unapenda nadharia ya namba na hicho chenye jina hakiifundishi, umepanda kwenda wapi?

BARUA YA TATU

Mwalimu, salaam. Binti yangu ni mpole, simu inamtetemesha. Kiingereza changu ni kizuri na nimezoea maofisi. Siku ya matokeo si ni afadhali nivipigie vyuo mwenyewe?
Mzazi, London

Salaam ndugu yangu. Nakuelewa, na upole si kasoro. Kwenye ombi la UCAS mwanafunzi anaweza kumtaja mtu wa kuzungumza kwa niaba yake, kwa hiyo njia ipo akiugua au akiwa safarini. Lakini nafasi ya Clearing chuo hutaka kuizungumza na yeye, asikike yeye. Mzazi akipiga, mara nyingi ataombwa ampe simu mtoto, na mtoto huyo sasa anaanza akiwa amekwisha aibika.

Fanya hivi. Wiki mbili kabla, jioni baada ya chakula, wewe uwe chuo. Keti chumba kingine, akupigie. Muulize namba yake, madaraja yake, kwa nini Hisabati, ni mada gani aliyoipenda mwaka huu na kwa nini. Mara ya kwanza atacheka au atakwama. Mara ya tano sauti itatulia. Usimsahihishe Kiingereza. Asubuhi ya tarehe 14 jaza simu mbili chaji, omba ruhusa kazini, weka mezani karatasi yake ya namba, matokeo na kalamu. Akipiga, kaa pembeni yake ukiwa na karatasi yako. Yeye azungumze, wewe uandike: jina la aliyepokea, walichosema, saa ya mwisho ya ofa.