Maswali yenu mwezi huu: Kiingereza cha bei, mzigo na matangazo

Dada habari za kazi. Nimeuza dukani miaka mingi tu, sasa nimepandishwa kuwa afisa mauzo kwenye kampuni ya usambazaji hapa Mwanza. Vikao vyote ni Kiingereza mwanzo mwisho, mara margin, mara markup, mara turnover, mie natingisha kichwa tu. Nimedownload orodha ya maneno 500 nakariri kila usiku, asubuhi yameyeyuka. Nifanyeje?

Hongera kwa cheo kwanza. Halafu hiyo orodha ifute leo leo, maana maneno 500 yasiyo na kazi hayakai kichwani kwa mtu yeyote, hata aliyesoma huko huko Uingereza. Biashara unaijua tayari, hayo mahesabu umeyapiga miaka yote bila kuyapa jina la Kizungu, kwa hiyo kila neno jipya lipe namba ya dukani kwako na litakaa.

Tuanze na hilo la margin na markup kwa sababu hapo ndo watu wanapoteza hela kabisa. Chukua bidhaa unayonunua 7,500. Zote mbili ni asilimia ya faida, ila markup unaipiga juu ya bei ya kununulia, margin unaipiga juu ya bei ya kuuzia. Sasa bosi akisema anataka markup ya 25%, unauza 9,375. Akisema margin ya 25%, unauza 10,000, maana ile faida ya 2,500 ndo robo ya hiyo elfu kumi. Umeona? Asilimia ni ile ile, ila kila kipande kimepishana 625, na ukiuza vipande 400 umepishana na bosi wako laki mbili na nusu, na kwenye kikao hakuna aliyenyoosha mkono kuuliza kwa sababu kila mtu alidhani mwenzie kaelewa. Kwa hiyo usione aibu kuuliza, tena uliza kwa Kiingereza hicho hicho, "on cost or on selling price?", watakuona mtu makini.

Turnover ni mauzo yote kabla hujatoa chochote, siyo faida. Hivyo ndivyo wanavyosema Waingereza, Wamarekani wao hapo husema revenue au sales. Ila ukisikia staff turnover hapo mambo ya hela yamekwisha, wanaongelea wafanyakazi wanaoacha kazi na wanaoingia.

Kingine, neno usilichukue peke yake, lichukue na kitendo chake. Oda kwa Kiingereza huwa ina-place, yaani "place an order". Invoice, yaani ankara, una-raise au una-issue, target una-meet, na deni ambalo halijalipwa una-chase, "I'm chasing payment". Mtu anaweza kujua neno invoice miaka kumi na bado akaandika "I made you invoice", wataelewa ndiyo, ila itasomeka kama barua ya mwanafunzi wa fomu tuu. Fungua imeili za zamani za ofisini kwenu, zile zilizoandikwa vizuri, chomoa sentensi nzima nzima uziweke kwenye daftari. Ila usichukue lile "kindly revert" ambalo ofisi zetu zinalipenda sana, kwa Mwingereza revert ni kurudi ulikotoka, andika tu "please reply".

Mimi naagiza vyombo vya ndani kutoka China, nauza Kariakoo. Supplaya mmoja kanipa bei FOB Ningbo, mwingine CIF Dar es Salaam, wa pili kanambia kwake ndo salama maana mzigo ni jukumu lake mpaka ufike. Ni kweli kaka au dada unayejibu?

Dada. Na siyo kweli, hapo kakupiga maneno matamu.

Hivyo vifupisho vinatoka kwenye kanuni zinaitwa Incoterms, Jumuiya ya Kimataifa ya Wafanyabiashara kule Paris ilizitoa mara ya kwanza 1936 na toleo linalotumika sasa ni la 2020. FOB maana yake muuzaji anakufikishia mzigo mpaka ndani ya meli bandari ya huko, hapo Ningbo, nauli ya meli na bima ni juu yako. CIF yeye analipa nauli na bima mpaka bandari ya Dar. Ila sasa sikiliza hapa, hatari ya mzigo inahamia kwako pale pale unapopanda meli, kwenye FOB na kwenye CIF vile vile, yaani likitokea la kutokea baharini wewe ndo utakayehangaika na bima, na bima anayotakiwa kukukatia kwenye CIF ni ya kiwango cha chini kabisa. Mwambie unataka "all risks cover", yaani bima pana zaidi, kama ni vyombo vya kuvunjika, na ikubalike kwenye maandishi.

Ushuru, tozo za bandari na wakala wa forodha havimo kwenye CIF. Tena ushuru wenyewe unapigwa juu ya thamani ya CIF, kwa hiyo hata ukinunua FOB, nauli na bima zitaongezwa tu kwenye hesabu. Na akisema "lead time 25 days", yaani muda wa kusubiri tangu uagize, muulize zinahesabiwa mpaka wapi, mara nyingi ni siku za kutengeneza tu, meli bado.

Mie nauza madera Mombasa, kuna kijana anifanyia matangazo online. Kila wiki aniletea ripoti, impressions 40,000, reach 8,000, nami wateja siwaoni. Aniibia ama?

Si lazima awe mwizi. Reach ni watu, impressions ni mara ambazo tangazo limetokea, yaani watu 8,000 wameliona kama mara tano kila mmoja. Namba unayoitaka wewe ni conversion: kati ya waliokutumia meseji wangapi wamelipa. Wakiwa 200 na wakanunua 6, hiyo ni 3%, na hapo tangazo limeshafanya kazi yake, kaangalie bei yako na namna meseji zinavyojibiwa. Kisha hela ya matangazo igawe kwa hao 6. Ukiwa ulilipa shilingi 3,000 basi kila mteja kakugharimu 500, na kama dera moja lakuachia faida ya 300, mwambie kijana alisimamishe leo.