Mfereji wa maji ya mvua mtaani: makubaliano yaanzie kule maji yatakakomwagika

Ndugu mleta mada, umeeleza kwamba mtaa wenu hapa Dar es Salaam hufurika kila masika, kwamba wakazi wameridhia kuchangia mfereji wa kupeleka maji mtoni, na umeuliza ni vibali gani mnavyohitaji kabla ya fundi kushika sururu. Nimewahi kuwa mjumbe wa kamati ya mtaa iliyosimamia mfereji wa aina hiyo kwenye mteremko unaoelekea Mto Msimbazi, nami nitakujibu kwa yale niliyoyaona huko.

Anzeni kule maji yatakakoishia, kisha mpande kuelekea juu. Kamati nyingi huanzia kwa wanaofurika, kwa kuwa ndiko kilio kiliko, na mwisho wake hubaki na mchoro mzuri usio na mahali pa kumwaga maji. Mkifika mtoni mtakutana na Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, ambayo inasimamia mito ya jiji hili chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, na pia kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kinachozuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Msizichukulie mita hizo kwa wepesi. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na wakazi wengi wa mabondeni wakahamishiwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji. Kwa hiyo maombi yenu yaseme wazi kwamba ndani ya eneo hilo utajengwa mdomo wa mfereji tu, na yaoneshe jinsi ukingo utakavyopangwa mawe ili usimomonyoke.

Kama maji yatapita chini ya barabara kabla ya kufika mtoni, mwenye barabara lazima aridhie: TARURA kwa barabara za mitaa na za wilaya, TANROADS kwa barabara kuu na za mikoa. Hapo barua yenye muhuri haitoshi. Mwombeni mhandisi aje alipime kalavati, yaani njia ya maji iliyo chini ya barabara, mbele ya kamati. Kwetu mhandisi aliinama mdomoni mwa kalavati akiwa na futi, akakuta bomba la zege lenye kipenyo cha milimita 600, nusu yake imejaa mchanga na chupa za plastiki. Mfereji tulioutaka ungeleta maji mengi kuliko uwezo wa bomba lile, na nyumba zilizo upande wa juu wa barabara zingegeuka bwawa. Tulikubaliana kwa maandishi kwamba kalavati kubwa litatangulia, nasi tukasubiri. Wapo waliokasirika, lakini hadi leo naamini ule ulikuwa uamuzi wa haki kwa majirani wale.

Sasa nije kwenye ardhi, ambako miradi mingi hufia. Mkutano mkuu wa mtaa unaweza kuupitisha mradi kwa shangwe, lakini hauwezi kutoa kipande cha kiwanja cha mtu kwa niaba yake. Kila mwenye kiwanja ambacho mfereji utakipita asaini hati yake ya ridhaa, iwe ana hatimiliki, leseni ya makazi au karatasi ya mauziano tu. Hati hiyo itaje upana kwa mita, iambatishwe mchoro unaoonesha mfereji unaingilia wapi na kutokea wapi, itamke kwamba hatajenga juu yake na kwamba wasafishaji wataruhusiwa kuingia, kisha isainiwe pia na mwenzi wake wa ndoa, majirani wa pande mbili na mwenyekiti wa mtaa. Mzee mmoja kwetu alikubali kwa mdomo na kwa moyo safi kabisa. Alipofariki, warithi walisema hawakuambiwa lolote, wakajenga ukuta katikati ya njia ya maji, na hatukuwa na karatasi ya kuwaonesha.

Ikiwa nyumba ya mtu lazima ibomolewe, hilo si jambo la michango ya wakazi tena. Serikali ndiyo yenye mamlaka ya kutwaa ardhi, kwa Sheria ya Utwaaji Ardhi ya mwaka 1967, na uthamini wa fidia huidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali. Kamati isimwahidi mtu kiasi chochote cha fedha.

Kuhusu mazingira, afisa mazingira wa manispaa atawasaidia kuandaa maelezo mafupi ya mradi, na NEMC, chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira, itaamua kama tathmini kamili ya athari inahitajika. DAWASA (mamlaka ya maji) na TANESCO (shirika la umeme) waje kuonesha mabomba na nyaya zao kabla ya kuchimba.

Kuna makubaliano mengine ambayo hakuna ofisi itakayowadai, nayo ni ya mtaa wa chini yenu. Maji mtakayoyaharakisha yatafika kwao mapema na kwa nguvu zaidi, hivyo fanyeni kikao cha pamoja, na muhtasari wake usainiwe na wenyeviti wote wawili. Humo humo andikeni nani atazoa mchanga kabla ya vuli na kabla ya masika, na fedha zitatoka wapi.

Baada ya hapo pelekeni kila kitu kwa mtendaji wa kata, kipite Kamati ya Maendeleo ya Kata na hatimaye Baraza la Madiwani. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini bajeti za halmashauri huandaliwa miezi mingi kabla. Muhtasari wenu ukiwa mezani kwa mtendaji kabla ya Desemba, diwani atakuwa na la kulitetea, na mhandisi wa manispaa atapata muda wa kuuhakiki mchoro wenu.