Mshahara wa Doha kwenda akaunti ya Nairobi

Ndugu, umeuliza utumie mshahara wako wa Doha kwa benki au kwa duka la fedha. Usiangalie ada pekee. Riyali ya Katari imefungwa kwa dola, 3.64 kwa dola moja, kwa hiyo huko hupotezi sana. Pesa inaliwa pale dola inapogeuzwa shilingi. Wakikwambia "kutuma ni bure", uliza swali moja tu: nikikupa riyali elfu mbili, shilingi ngapi zinaingia Nairobi? Linganisha hiyo.

Ukipitia benki kwa SWIFT (mtandao ambao benki za nchi mbalimbali hutumiana maagizo ya malipo), benki ya katikati inaweza kukata chake njiani, kwa hiyo jaza kwamba mtumaji analipa ada zote. Jina liwe vilevile lilivyo kwenye akaunti (Wakenya na majina matatu, mnajua wenyewe), la sivyo pesa inakwama.

Kama ni akiba ya ploti, fungua akaunti ya dola hapa Nairobi, ubadilishe bei ikikupendeza. Ya mama ya matumizi tuma M-Pesa, mwisho shilingi 250,000 kwa mara moja. Na stakabadhi za mshahara usitupe, benki huuliza pesa imetoka wapi.