Maswali ya wasomaji: Tamthiliya inalisha?

Shikamoo mama. Nina miaka 23, nauza kwenye duka la vifaa vya shule la mjomba. Nimeandika tamthiliya mbili, zimejaza kaunta buku nzima. Baba anasema hiyo si kazi. Wewe unaishije? – Kijana wa Morogoro

Marahaba, mwanangu. Nilianza kulipwa kwa kuandika mwaka 2003, na tangu siku hiyo sijawahi kula kwa tamthiliya peke yake. Nakwambia mapema ili baba yako asije akaonekana mwenye kosa. Anaogopa njaa yako.

Kitabu changu cha kwanza kilikuwa na mrabaha wa asilimia 10. Kiliuzwa shilingi 5,000, kwa hiyo kila nakala iliniletea 500. Mwaka uliokuwa mzuri ziliuzwa nakala 800. Piga hesabu, kisha toa kodi ya chumba. Kilichonilisha ni michezo ya redio: dakika 15 kila kipindi, kurasa kumi na mbili hivi, na kila Alhamisi mswada uwe umefika studio hata kama mtoto anaumwa. Redio ndiyo iliyonifunza kuandika. Msikilizaji anayekaanga samaki hatakusubiri ufike kwenye jambo, na mhusika asipojulikana kwa sauti katika sentensi mbili za mwanzo, amepotea.

Humo humo niliumia. Kampuni moja iliniagiza vipindi 26, ikanilipa 10, ikanyamaza. Sikuwa na mkataba, nilikuwa na maneno ya mdomo na furaha yangu. Wewe usiandike hata ukurasa mmoja wa kuagizwa kabla ya karatasi yenye sahihi, kiasi, na tarehe ya malipo. Na nusu ya fedha idai mwanzoni.

Baada ya vitabu na redio, mlango wa tatu wa riziki ni sanaa shirikishi, ile ya kuingia kijijini na kutunga mchezo pamoja na wenyeji. Hapa nchini ina mizizi. Mwaka 1982 na 1983 walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo Penina Muhando, walifanya kazi hiyo Malya, Mwanza. Muhando huyo alikuwa ameshaandika *Hatia* mwaka 1972 na baadaye akaandika *Nguzo Mama*. Alifundisha, akatafiti, akaandika, yote kwa pamoja. Kwa hiyo ukiona mwandishi ana kazi tatu, usidhani ameshindwa.

Mimi nilipelekwa kijiji kimoja cha Rufiji kutunga mchezo juu ya maji. Nilikuwa nimeandika mke anayemfokea mumewe kwa maneno mengi mazuri. Tukacheza chini ya mwembe. Bibi mmoja akasimama katikati ya onyesho, akasema, "Mwanamke aliyetoka kisimani saa tano hana pumzi ya kusema hayo yote. Anatua ndoo, anakaa." Tukajaribu hivyo. Mwigizaji akatua ndoo, akakaa, akamtazama mumewe. Watu wote wakanyamaza. Nilifuta kurasa mbili usiku ule, kwa taa ya chemli, na sijawahi kuzijutia.

Ndiyo maana nakuomba jambo moja kabla ya kumtafuta mchapishaji. Kusanya vijana sita, wasome mchezo wako kwa sauti, wewe kaa nyuma na kalamu, usieleze chochote. Pale wanapokwama mara mbili, tatizo ni sentensi yako.

Mwalimu wetu wa sanaa, sisi ni klabu ya Kiswahili ya sekondari mkoani Lindi. Tunataka kuigiza *Kinjeketile*. Wanafunzi ni 40, wahusika hawatoshi. Tupunguze watu? Na tunahitaji ruhusa? – Mlezi wa klabu

Mwalimu, usimwondoe hata mmoja. Ebrahim Hussein aliuandika mchezo ule, uliotoka mwaka 1969, ukiwa na umati ndani yake. Watu wanaosubiri kando ya mto Rufiji Kinjeketile atoke majini hawawezi kuwa watano. Wape watoto wako 40 mto wa kuukodolea macho. Wafundishe kusubiri: nani ana njaa, nani haamini, nani amembeba mtoto. Nimeona maonyesho ambayo umati umesimama kama mistari ya paredi, na mchezo ukafia hapo hapo.

Jihadharini na jambo jingine. Lindi mnaijua vita ya Maji Maji ya 1905 hadi 1907 dhidi ya Wajerumani kwa masimulizi ya wazee, na mtashawishika kumfanya Kinjeketile shujaa asiyetikisika. Mwandishi hakumwandika hivyo. Kinjeketile wake anaona maji ya dawa, yanayoaminiwa kuzuia risasi, yanavyowapa watu umoja, na anaona pia yatakavyowapeleka kwenye risasi. Mwisho, gerezani, anakataa kusema kuwa maji yalikuwa uongo. Mwigizaji wenu apewe muda wa kutosha pale. Asipige kelele.

Ruhusa ni lazima mkionyesha hadharani, hasa kwa kiingilio. Hakimiliki ina sheria yake nchini tangu 1999. Andikieni mchapishaji, anwani ipo kurasa za mwanzo za kitabu, mtaje tarehe, mahali na kiasi cha kiingilio. Jina la mwandishi liwe kwenye tangazo, kwa herufi zinazosomeka.

Dada, wahusika wangu ni makonda na mama lishe. Waongee Kiswahili sanifu? – Msomaji, Mbagala

Waongee Kimbagala, mdogo wangu. Ila chagua maneno ambayo mtu wa Kigoma atayapata kwa kuona kinachotendeka jukwaani, maana hutakuwepo kumtafsiria. Panda daladala na daftari, andika jinsi konda anavyokatiza sentensi abiria anaposhuka. Huko kukatiza kuna thamani kuliko misamiati kumi ya mtaani.

Kijana wa Morogoro, nitumie onyesho la kwanza tu la mchezo mmoja, kupitia anwani ya gazeti. Andika kwa mkono kama huna kompyuta. Nitalisoma.