Muulize Fundi: Desktop ya maabara imerudi mwaka 2009

SWALI: Habari fundi, pole na majukumu. Niko maabara ya utafiti chuo kikuu flani huku kaskazini, tuna HPLC (mashine ya kutenganisha na kupima kemikali kwenye sampuli) ya siku nyingi inaendeshwa na desktop ya Windows 7. Sasa watu wa ICT wametoa tangazo eti kompyuta zote ziende Windows 11, isiyopanda inatolewa kwenye mtandao, profesa kawaka anasema asiiguse mtu, mimi niko katikati. Halafu juzi umeme umekatika, uliporudi kompyuta inasema ni 2009 na majibu ya sampuli za siku nzima yamejisevu na tarehe hiyo. Nifanyeje?
Dada wa Maabara

JIBU: Dada yangu, pole. Mimi ni mtu wa ICT ila kwenye kupandisha Windows nasimama na profesa. Hiyo desktop usiihesabu kama kompyuta ya ofisi, ni kiungo cha mashine kama pampu yake ilivyo. Programu yake iliandikwa kwa Windows ile, na mashine nyingi za umri huo zinaongea na kompyuta kwa kadi ya PCI au waya wa serial wa pini 9, vitu ambavyo desktop mpya nyingi hazina hata pa kuvichomeka. Na Windows 11 inadai TPM 2.0, chipu ya usalama ambayo desktop za umri huo kwa kawaida hazina, kwa hiyo ya kwenu haipandi kwa njia rasmi. Nishaona kijana kafomati moja kwa nia njema kabisa, CD ya programu haijulikani iliko, laiseni alinunua mtu aliyeshastaafu, mashine ya mamilioni ikageuka meza ya kuwekea chai.

Ila kwenye mtandao ICT hawajakosea. Windows 7 iliacha kupata apdeti Januari 2020, na mnakumbuka WannaCry ya Mei 2017, kirusi kilichofunga mafaili na kudai pesa, kiraka cha Windows kilikuwa kimetoka tangu Machi lakini ambao hawakukiweka walifungiwa mafaili, hospitali za Uingereza zikiwemo. Kwa hiyo chomoa waya wa mtandao wewe mwenyewe kabla hawajaja. Data ihame kwa flashi moja tu yenye lebo, iskaniwe kwanza kwenye kompyuta yenye antivirasi, na isitoke humo maabara kwenda stationery kuprinti (najua mnafanya).

Kubwa kuliko yote ni diski. Hiyo hadidiski inazeeka, waombe ICT waikloni nzima (wainakili yote ilivyo kwenye diski nyingine) wakati bado inawaka, kisha wafunge kloni kwenye mashine mjaribu kurun sampuli moja, ikikubali ile ya zamani iwekwe kabatini. Bakap ambayo haijajaribiwa mimi siihesabu.

Hiyo 2009 ni betri ya saa tu, CR2032, volti 3, inafanana na sarafu, maduka ya saa wanazo. Kwanza ingia BIOS (mipangilio ya kompyuta kabla Windows haijawaka) upige picha kila ukurasa kwa simu, hasa palipoandikwa AHCI au IDE, ndiyo namna kompyuta inavyoongea na diski, maana ukifunga betri halafu hapo pakawa pamebadilika utakutana na skrini ya bluu uanze kunilaumu. Kisha zima, chomoa umeme, fungua ubavu, gusa bati la kasha, sukuma kaklipu pembeni betri inaruka yenyewe, weka mpya alama ya jumlisha ikiangalia juu, washa urudishe tarehe. Yale majibu usiyaguse, usibadilishe tarehe ya faili, andika kwenye daftari la maabara tarehe halisi na kilichotokea, profesa asaini. Na tafuteni UPS jamani, ile betri ya kushikilia kompyuta umeme ukikatika.

SWALI: Fundi, Excel inanigeuzia jina la jeni MARCH1 kuwa 1-Mar, ni virusi?
Mwanafunzi wa masters

JIBU: Sio virusi, inadhani ni tarehe. Tatizo lilisumbua dunia nzima mpaka mwaka 2020 kamati ya majina ya jeni za binadamu ikasalimu amri, siku hizi MARCH1 inaitwa MARCHF1, na SEPT1 imekuwa SEPTIN1. Usifungue CSV (faili la jedwali la maandishi matupu) kwa kuibofya mara mbili, iingize kupitia menyu ya Data na safu ya majina uiweke Text. Faili lililoshaharibika usijaribu kulirekebisha kwa mkono, rudi kwenye data ghafi, maana ukiona 1-Mar huwezi kujua kama ilikuwa MARCH1 au MARC1.